Siku Niliyompoteza Dereva Ruiru

Kompyuta naijua, na hata siku ile Ruiru nilikuwa naijua, lakini aibu niliyoipata pale sijawahi kupata nyingine kama hiyo, na nawaambia tu kwa sababu mmeshaisikia nusu nusu kutoka kwa watu waongo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafundisha kompyuta Thika, na shule moja ya watoto kule Ruiru ikanunua kompyuta yake ya kwanza, Madam mwenye shule akaniambia nije niwaonyeshe wazazi vile inaongea, nikifaulu kazi ya ualimu ni yangu (na niliitaka vibaya, mke wangu alikuwa ameshaanza kuulizia nyumba). Nikafika, nikakuta meza imebanwa ukutani. Kuisukuma na suti yangu nikaona ni kujisumbua, kwa hivyo waya wa spika nikauchomeka hapo mbele, kwenye kale katundu ka hedifoni chini ya mlango wa CD. Nikaweka CD ya kwaya, ikaimba safi. Nikajiambia kazi imeisha.

Wazazi wakajaa, kwaya ikaimba, wakapiga makofi. Ndipo Madam akataka wasikie shairi ambalo watoto wa nasari walirekodi humo ndani wiki hiyo, kwa vile wenyewe walikuwa wamepelekwa matembezi Chania Falls na basi la shule. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, ngai, kimya. Sasa ningesema tu vile tunaongea huku kwetu, "driver imepotea", yaani ile programu ya sauti, hakuna mtu angeshtuka. Lakini mimi, mbele ya wazazi wa Membley, mtaa wa wenye pesa, nikaona nitoe Kiswahili sanifu.

"Msiwe na wasiwasi," nikasema. "Dereva amepotea."

Mama mmoja akashika kichwa, akauliza amepotelea wapi, na mimi (bado najiamini, jamani) nikamjibu kwamba hutokea, labda alifutika, tutaweka mwingine. Akaanza kulia. Watu wakatoka mbio, viti vikaanguka, na Madam alikuwa mbele yao wote, viatu mkononi.

Getini wakakutana na Njoroge, dereva wa shule, anaingiza basi na watoto wote wazima. Wakamleta darasani. Nikaeleza, jasho likinitoka, kwamba hiyo driver ni programu ya kuendesha kadi ya sauti. Njoroge akanisikiliza mpaka mwisho, akasukuma meza, akachomoa waya wangu mbele na kuuchomeka nyuma, kwenye kadi yenyewe. Shairi likasikika mpaka barabarani. Katundu ka mbele hutoa nyimbo za CD peke yake, na hilo mimi huwa nafundisha.

"Hata redio ya basi, spika huingia nyuma," Njoroge akasema, bila ubaya wowote.

Madam akavaa viatu vyake polepole.

"Dereva tumempata," akaniambia. "Sasa tunatafuta mwalimu."

Siku hizi kompyuta ikinyamaza, suti au hakuna suti, kwanza nasukuma meza. Na driver ikipotea, nasema imepotea, hata mbele ya nani.