Lebo ya Saa Nane

Hakuna swali linalonikera kama "uli-save?" Mtu anayeandika programu za kompyuta akisema kazi imemkatalia, kila mtu atamuuliza hivyo, hata mwenzake wa kazini anayemjua vizuri. Siku ile mwenzangu aliniuliza kwa simu kutoka ofisini kwetu Hurlingham. Mimi nilikuwa nimebanwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa la mjomba wangu, kule chini mjini, jasho linanitoka na wateja wananitazama.

"Lakini uko sure uli-save hiyo file?"

"Nime-save mpaka button imechoka!"

"Sawa, usinikasirikie bana. Nauliza tu."

Nikakata simu. Mtu wa kukasirikiwa hakuwa yeye, bali mjomba, aliyekuwa amesimama karibu yangu akipanga chupa za dawa ya kikohozi kana kwamba hayamhusu.

Mjomba ni kaka yake mama, mtu wa Lamu aliyezeekea Nairobi. Nilimwandikia programu ndogo ya kuchapisha lebo zinazobandikwa kwenye paketi za dawa: jina la mgonjwa, vidonge vingapi, saa ngapi. Nilimwandikia bure, kama mtoto wa dada. Mwanzoni lebo zilisema "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku". Mjomba alizikataa palepale. "Mwanangu, hizi ni lebo za kishamba," alisema. "Kule Karen, mtaa wa matajiri, wanaandika 8:00 AM, 8:00 PM. Wateja wangu nao si watu?" Nilimbishia, akanuna, na kwa kuwa mjomba ni mjomba, nikampa hiyo 8:00 AM yake.

Basi kuna bibi mmoja, jamaa wa watu wa nyumbani, anayechukua hapo vidonge vyake vya kisukari. Bibi huyu alisoma chuo cha Kurani, anaisoma bila kusita, lakini herufi za kizungu hazijui. Tarakimu anazijua. Nyumbani kwake ana saa ya ukutani ambayo marehemu mumewe aliitega kwa mtindo wa wazee wa kule kwetu: jua likishatua, mishale yote miwili iko kwenye kumi na mbili. Saa yake ikionyesha mbili, ni saa mbili, na ikionyesha nane, ni saa nane. Lebo ya mjomba ilimwonyesha 8 juu na 8 chini. Bibi akatii. Akawa anameza kidonge saa nane mchana, kisha anaamka saa nane ya usiku, tumbo tupu, anameza kingine. Vidonge vyenyewe ni vya kumezwa pamoja na chakula. Mwishowe akaanguka jikoni, na jirani ndiye aliyempa maji ya sukari akazinduka.

Asubuhi ya siku ile ya simu, kabla ya habari hizi kunifikia, nilikuwa nimepita dukani kukuza herufi za lebo. Nilimaliza kuijenga programu, yaani kuyageuza maandishi yangu kuwa kitu ambacho kompyuta inakiendesha, kama saa tano, nikaenda kazini. Baada ya chakula cha mchana mjomba akanipigia. Bibi yuko dukani, ana safari ya kwenda kwa binti yake Lamu jioni hiyo, na hajameza kidonge tangu aanguke. Mjomba alijaribu kuikata ile 8 kwa kalamu na kuandika 2 juu yake. Bibi akamrudishia paketi.

"Dawa iliyochorwachorwa siimezi," alisema. "Nitajuaje kama kilichokatwa ndicho cha uongo?"

Alitaka lebo safi, iliyotoka kwenye mashine. Mimi nilimwelewa kabisa. Karatasi ya mashine ndiyo iliyomwangusha, na ndiyo iliyopaswa kumwomba radhi.

Nilipofika, mjomba alinipokea mbele ya wateja. "Haya, msomi wetu, njoo uone ulivyoandika."

Ulivyoandika! Mimi! Nilitaka kumkumbusha habari za Karen hapohapo, lakini bibi alikuwa kwenye benchi, mkoba wa safari miguuni, mtandio umeteleza hajali kuurudisha. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mjukuu wangu," akaitika kwa sauti ya mtu aliyechoka kikweli. Nikakaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto. Nilibadilisha maneno mawili, nikahifadhi, nikaijenga programu upya, nikachapisha. Lebo ikatoka: 8:00 AM. Nikarudia. 8:00 AM. Nikafungua maandishi yangu, nikayakuta yanasema "saa 2 asubuhi" kama nilivyoyaandika. Nikazima kompyuta na kuiwasha. 8:00 AM! Nilikagua kama kuna nakala nyingine ya programu mahali, nikakuta ni hiyo moja tu. Na kila nikiijenga, mashine inanijibu kwa adabu kwamba kila kitu kiko sawa, hakuna jipya la kufanya.

"Labda hii kompyuta inataka fundi," mjomba akamwambia mteja mmoja, mimi nasikia. Fundi! Na mimi niliyekaa pale ni nani, muuza karanga?

Hapo ndipo nilipompigia mwenzangu simu, naye akaniuliza lile swali lake. Nilipokata, nikafanya jambo ambalo mtu hufanya akiwa amekasirika kabisa. Katikati ya maagizo ya programu nikaandika, kwa herufi kubwa: MJOMBA NI MKAIDI. Hakuna mashine duniani inayoweza kulikubali neno kama hilo mahali pale. Ilitakiwa ipige kelele.

Nikaijenga. Kila kitu kiko sawa, ikasema. Hakuna jipya la kufanya.

Basi nikajua kwamba haikuwa inasoma nilichoandika, hata kidogo. Nikaanza kuangalia tarehe za mafaili. Chombo kinachogeuza maandishi kuwa programu ni kivivu kwa makusudi. Kinatazama saa: maandishi yakiwa yameguswa baada ya programu kujengwa, kinafanya kazi, programu ikiwa mpya kuliko maandishi, kinarudi kulala. Na pale kwenye orodha, programu ilikuwa imejengwa 11:04, yaani saa tano asubuhi, lakini maandishi niliyotoka kuyaandika sasa hivi yalikuwa na saa ya kabla ya hapo. 9:38.

Adhana ya alasiri ikaanza kusikika kutoka msikiti wa jirani. Nikatazama pembeni mwa skrini. 9:47. Nikatazama simu yangu. 15:47.

Nilikuwa nimeiona ile saa ya kompyuta tangu nifike, tena zaidi ya mara moja! Na kila mara kichwa changu cha Kiswahili kilisoma tisa, nikaona ni saa tisa, na kweli ilikuwa saa tisa, nikaendelea na kazi. Nani angeshtuka?

"Mjomba," nikasema polepole, "nani ameigusa saa ya hii kompyuta?"

"Mimi," akajibu, tena kwa fahari. "Bibi alipokuja na shida yake, nikairudisha nyuma iende na saa yetu. Nilidhani lebo itafuata. Haikufuata, ndiyo nikakuita."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilirudisha saa mahali pake, nikahifadhi tena, nikaijenga. Kompyuta ikapiga kelele mara moja na kuandika kwa rangi nyekundu kwamba haimjui MJOMBA. Sijawahi kufurahia kosa namna ile.

"Hapo mbona naona mjomba?" akauliza nyuma ya bega langu.

"Ni jaribio tu." Nikalifuta, nikaijenga tena, nikachapisha. Saa 2 asubuhi. Saa 2 usiku.

Mjomba akaishika lebo, akaipeleka mbali na macho ili aisome. "Sawa," akasema. "Akishaondoka, nirudishie ile 8:00 AM kwa hawa wateja wengine. Inapendeza zaidi."

"Wewe utawajuaje, mjomba?" Sauti ilinipanda na sikuishusha. "Utakuwa unawauliza mlangoni saa zao za ukutani zikoje? Mtu ameanguka! Sirudishi."

Mjomba akaiacha lebo kwenye kaunta. Akarudi kwenye chupa zake.

Nikaibandika lebo kwenye paketi mpya, nikampelekea bibi kwenye benchi. Aliweka kidole kwenye tarakimu ya kwanza. "Mbili," akasema. Akashusha kidole. "Mbili. Ya asubuhi nikishakunywa chai?"

"Ndiyo, bibi. Na ya usiku ukishakula."

Akaitia paketi ndani ya mkoba, akaufunga, kisha akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa.

"Basi ile saa nane ya usiku," akauliza, "nilale tu?"

"Lala, bibi," nikamwambia. "Lala mpaka alfajiri."