Sufuria ya Mama Juu ya Kioo

Shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu ya Shirimatunda waliosoma wanaipita wakigeuza shingo. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni Majengo, nikabeba mizigo mpakani Holili mpaka bega likaota sugu. Leo nina malori matatu. Kwa hiyo niliponunua jiko la umeme lenye uso wa kioo, jeusi, linalong'aa mpaka unajiona meno, sikuwa nabahatisha. Nilinunua kwa ajili ya mama.

Tangu baba afariki, mama alikuwa peke yake kule juu mlimani. Kuni zinamvunja mgongo, moshi unamla macho. Mara tatu nimemshusha kwangu, mara tatu amekaa siku mbili akataka kurudi kwa ng'ombe wake. Safari hii ng'ombe nikamkabidhi jirani. Nikajua asipokaa sasa, hatakaa tena.

Alishuka kwenye gari amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga: sufuria yake ya chuma, ile nyeusi, nzito, ambayo baba alimnunulia kwa Mhindi mmoja mjini alipouza kahawa yake ya kwanza. Safari zile nyingine aliiacha nyumbani. Nilipoiona nikajiambia: Mama anafikiria kukaa.

Mke wangu aliitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama. Hiyo tusiiburute, ee? Tuinyanyue tu. Chini ina mikwaruzo, kioo kitachubuka."

"Marahaba. Kioo?" mama akauliza. "Mnapikia kwenye dirisha?"

Nilicheka kuliko ilivyostahili. "Mama, kioo hicho hata lori langu ukilipandisha kinabeba!"

"Lori lako linapika mtori?"

Mama na mke wangu wakaanza kumenya ndizi za mtori. Mke wangu aliifuta sufuria upande wa chini, akaiweka taratibu kama anamlaza mtoto, akawasha moto mdogo. Mimi kukaa siwezi. Natoka sebuleni, naingia jikoni, naenda mpaka getini, narudi. Chuma kinachelewa kushika moto, na mama alishainama mara mbili kuutafuta.

"Hauonekani," akasema.

"Upo, mama," nikasema.

"Sasa ukizimika nitajuaje?"

Nikaongeza moto. Mke wangu akaupunguza bila kuniangalia.

Ndizi na nyama vilipoiva, mama alichuja supu akaiweka kwenye bakuli, kisha akaanza kutazama sakafu. Kwetu mtori unapondwa sufuria ikiwa chini, umeketi, umeibana kwa miguu, mwiko unashuka kwa nguvu. Nikaona aibu. Mama yangu akae chini, kwenye vigae nilivyoagiza mwenyewe?

"Acha, mama. Hapo hapo juu."

"Juu ya dirisha?"

"Baba watoto, usithubutu," mke wangu akasema.

Nilishachukua mwiko. Nikaponda kama mtu anayejua alikotoka. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. La nne nikasikia mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu. Ufa ulitokea chini ya sufuria, ukaenda mpaka ukingoni.

Mama alishika sufuria kwa kanga, akainyanyua, akatoka nayo. Nikajua ndiyo basi, anaenda kudai gari. Nikamfuata mwiko mkononi.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye nyasi, sufuria ameibana kwa miguu.

"Lete huo mwiko," akasema. "Na kesho unitafutie mawe matatu."

Jiko jingine nitanunua, uwezo ninao. Ila wiki ya tatu hii moshi unapanda nyuma ya nyumba yangu, waliosoma wanauona, na macho ya mama bado yanatoa machozi. Nikimwambia ahamie ndani, naogopa atasema basi anarudi mlimani. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, natoka uani haraka kutazama kama sufuria ipo juu ya mawe. Nikiiona, ndipo naenda kwenye malori.