Nguzo Zilizonona

Hebu niambie: nani alikudanganya kwamba mawe ya urembo yameumbwa kwa ajili ya nyumba za wakubwa tu? Fundi mmoja alikataa katakata kuamini hivyo, na ukaidi huo nusura umtie aibu mbele ya mama mkwe wake.

Mtaani walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito anayopimia kuta, maana hakuwa na simile na kitu kilichopinda. Alikuwa amevisha mawe nguzo za hoteli na majumba ambayo, kazi ikishakwisha, walinzi hawakumruhusu hata kusimama getini. Jambo hilo lilimchoma. "Anayechemsha chai alfajiri naye ana macho," alizoea kusema. "Kwa nini atazame nguzo za miti mikavu maisha yake yote?"

Mchemsha chai mwenyewe alikuwa huyo mama mkwe. Baraza lake lilizungukwa na ukuta mfupi, na mbele, penye ngazi, zilisimama nguzo mbili za mti mtupu, zimepauka kama miguu iliyokosa mafuta. Waume wa mabinti zake wengine aliwaita "mwanangu". Timazi alibaki "fundi", kama mtu aliyekuja kuzibua bomba akaondoka. Hilo la "mwanangu" tu ndilo alilolitamani.

Basi akaomba azivishe zile nguzo. Mama akafunga biashara yake ya njia panda, akausukuma mkokoteni wake wa chai, akaupandisha ngazi hadi ndani ya baraza, chuma kitupu na jiko juu yake, akamwachia uwanja.

Timazi alizungushia nguzo karatasi ya lami ili mti usioze, akapigilia wavu wa chuma, akapaka saruji, kisha akapanga mawe moja moja, la kijivu, la hudhurungi, akirudi nyuma kuyatazama na kuyasemesha: "Wewe hapana. Wewe njoo huku." Siku kadhaa baadaye, jioni, alipofuta jiwe la mwisho, nguzo zilisimama kama mawaziri waliokula wakashiba.

Mama akazizunguka, akagusa, akaguna. "Zimependeza, fundi." Akaushika mkokoteni ili autoe nje kuuosha. Ngo! Ukagonga mawe ya kulia. Akaurudisha, akaulenga upya. Ngo! Kushoto.

"Fundi," akaita taratibu, "nguzo zangu zimenona, au mkokoteni ndio umenenepa?"

Timazi akautazama mkokoteni, kisha pengo. Nguzo alikuwa amezipima juu na chini, akarudia na kurudia. Nafasi ya katikati hakuipima hata mara moja.

"Naleta tindo, mama. Nabomoa sasa hivi."

"Ubomoe nini na giza hili? Nenda kalale. Tutaonana asubuhi."

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Hongera, baba watoto! Wenzako humpelekea mama zawadi, wewe umempelekea gereza."

"Cheka tu. Hata hilo la fundi sitaitwa tena."

Kulipopambazuka alibeba nyundo na tindo, njia nzima akipanga maneno ya kuomba radhi. Alipokata kona, akasimama ghafla. Wateja waliokosa chai yao pale njia panda siku zote zile walikuwa wameona moshi wakaufuata. Madereva na wauguzi wa zamu walijaa ngazini na juu ya ukuta mfupi, vikombe mkononi, migongo imeegemea mawe yake. Mkokoteni ulikuwa palepale ndani ya baraza, jiko linawaka.

Dereva mmoja akapapasa nguzo. "Mama, siku hizi tunanywea chai hotelini?"

"Kunywa, usiniharibie mawe," mama akamjibu. Akainua macho, akamwona Timazi na zana zake.

"We mwanangu, unakwenda kumpiga nani asubuhi yote hii? Weka chini hiyo nyundo, ushike birika. Watu wana kiu."

Timazi akaiachia nyundo, kidogo imwangukie mguuni, akapenya katikati ya nguzo zake kwenda kushika birika.