Maua ya Mgeni wa Heshima

Aibu hii nimeikalia mwaka mzima, na ninaitoa leo kwa sababu kila nikipita mtaa wa Majengo hapa Moshi kuna mtu ananiuliza kama bado naomba msamaha, basi bora muisikie kutoka kwangu.

Mimi ni mtu wa Singida, shule niliiacha darasa la sita, na nilikuwa sijawahi kukaa mahali zaidi ya miezi minne (nikishajua barabara zinaelekea wapi, miguu inaniwasha). Moshi nilipata kibarua cha kufyeka nyasi kwenye bustani moja ya mapumziko, na msimamizi wetu, Mama Neema, akaniahidi ajira ya kudumu iwapo sherehe ya bustani ingepita salama. Mgeni wa heshima alikuwa mzee wa kutoka Kilema, huko juu mlimani, aliyefanya kazi pale ujanani. Angesimulia historia ya bustani, kisha angemwagilia mche wa mringaringa alioupanda mwenyewe mwaka uliotangulia.

Asubuhi ya sherehe, kwa haraka zangu, niliufyeka ule mche. Nikachomeka kijiti chenye majani palepale, nikajiambia kwa mbali hakuna atakayejua.

Mgeni anakaribia kufika, Mama Neema ananiuliza, "Elia, maua ya mgeni yako wapi?" Ningesema nimesahau, yangeishia hapo. Lakini kwenye uzio kulikuwa na majani marefu ya kijani yanayong'aa, nikakata machache, nikayafunga fundo (fundo zuri, nalisifia hadi leo), nikasubiri mzee afike na amalize hotuba yake.

Alieleza jinsi watu walivyokuwa wakishuka mlimani na mikungu ya ndizi vichwani, wamechoka, wakajipumzisha chini ya miti ile. "Sisi wa mlimani tuna vihamba vyetu," akasema, "migomba tuliyoachiwa na babu zetu. Asiye na kihamba, kivuli chake ni hiki." Mimi sikuwa na hata mgomba mmoja. Nikamwendea mbele ya watu wote, nikapiga goti, nikamkabidhi majani.

"Shikamoo mzee."

Aliliangalia lile fundo, na akina mama wakaanza kunong'ona kwa Kichagga.

"Kijana, umenikosea nini?" mzee akauliza.

(Sikujua kwamba yale majani ndiyo isale, na kwamba Mchagga akikuletea isale lililofungwa fundo amekuja kuungama kosa zito, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia msamaha.) Nilichojua ni kimoja tu: mzee ameuona mche. Na maiki alikuwa bado ameishika.

"Nisamehe mzee, nimeufyeka asubuhi. Kile pale ni kijiti."

Watu wote wakageuka. Kijiti kilikuwa kimeshalala kwa jua.

"Mche?" mzee akashangaa. "Kwani hukutumwa na jirani yangu? Miaka yote hii anaumega mpaka wa kihamba changu, nikasema leo amelainika."

"Hapana mzee, jirani yako simjui."

Akashusha pumzi, na yale masikitiko hayakuwa ya mche. "Basi, isale nimelipokea, siwezi kulirudisha. Nimekusamehe." Kisha akaisogeza maiki mdomoni. "Ila mkimwona yule jirani yangu, mwambieni isale linaota hata mjini."

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Nikamgeukia Mama Neema kwa matumaini.

"Mzee ameletewa isale," akasema. "Mimi nimeletewa nini?"

Ajira alipewa jamaa mwingine, wa mtaa wa Njoro.

Kesho yake nilipanda Kilema kwa miguu yangu, mzee akanipa mche mwingine, nikaupanda palepale, na kwa kuwa si mwajiriwa, naumwagilia jioni kama raia yeyote kabla sijakaa kwenye benchi. Umeshanifika kiunoni, na ni mara yangu ya kwanza kukaa mahali mpaka nikaona kitu nilichokipanda kinakua. Ila nimeapa, sikati tena jani la ugenini, hata la kufungia mboga, mpaka mwenyeji aniambie linaitwaje na huwa linatumwa kusema nini.