Shuka ya Mtandika Vitanda

Mwendesha bodaboda alizima pikipiki katikati ya mtaa wa Komarock, Nairobi, akavua kofia, akaniambia bila haya kwamba tumepotea.

"Buda, hizi nyumba zote ni sura moja," alisema. "Na mimi ni wa Kayole."

Nimepotea katika miji mingi, na mara nyingi lugha ndiyo iliyoniokoa. Hapa lugha haikuwa shida. Kila tuliyemuuliza alituelekeza kwa ufasaha mkubwa, na kila mmoja upande wake. Tulipita geti jeusi, geti jeusi, kinyozi, geti jeusi tena, mpaka nikaacha kutaja namba ya nyumba na kusema tu kwamba namtafuta Mama Gordon anayeuza shuka soko la Gikomba. Mwanamke aliyekuwa akikaanga viazi kando ya njia hakuinua hata kichwa.

"Yule wa meli? Pinda hapo. Utaona sanduku."

Nililiona. Lilikuwa jekundu, linaning'inia kwenye mizani ya ndoano iliyofungwa juu ya geti, ile wanayopimia belo za mitumba. Wanawake wawili walikuwa wamelikodolea macho kama mbuzi wa sikukuu.

"Imezidi," alisema mwembamba, miwani ikimlalia kifuani.

"Haijazidi. Ni upepo unaivuta."

Huyo wa upepo ndiye alikuwa Aoko, Mama Gordon, mwenye nyumba. Nilikuwa nimekodi chumba chake cha nyuma kwa miezi miwili na hadi siku hiyo tulikuwa tumezungumza kwa simu tu. Alinisalimu, akauliza kama nimekula, akanipitisha uani. Kabla hatujafika mlangoni pa chumba alisimama ghafla na kuninyooshea ufunguo kwa mbali, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua.

"Fungua mwenyewe. Wangu amekutandikia kitanda. Mimi huwa sifiki hapo."

Nilidhani ni magoti yanamsumbua.

Wangu ni jina la yule mwembamba, jirani wa ukuta mmoja na mweka hazina wa chama chao cha akina mama. Nilipotoka chumbani chai ilikuwa imeshamiminwa, na nikagundua kwamba hainywewi bure.

"Ulisema kwa simu umewahi kusafiri na hizi meli za watalii," Aoko alianza. "Sasa tuambie. Yule mtu anayekutandikia kitanda huko, mkiachana, anapewa ngapi?"

"Inategemea roho ya mtu," nilijibu.

Wangu alimgeukia mwenzake. "Huyu ametembea dunia yote, na hiyo ndiyo amerudi nayo."

Ilibidi kwanza nielewe kwa nini swali hili lilikuwa limeinyima nyumba usingizi. Aoko alizaliwa mtaa wa Ziwani, binti wa mfanyakazi wa reli aliyepiga pasi sare yake mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mikunjo. Alipoanza Gikomba aliuza mapazia, kisha shuka, na mpaka leo akiingiza mkono ndani ya belo vidole vyake vinajua kipi ni pamba na kipi ni ujanja. Mwanawe Gordon alijifunza kutandika juu ya meza ya kibanda hicho, pembe zikikunjwa na kubanwa, maana shuka iliyotandikwa vizuri hujiuza. Baadaye alisomea kazi za hoteli, akaajiriwa kuwa mhudumu wa vyumba melini, akaondoka.

Tangu hapo, nje ya likizo, Aoko amekuwa akimwona kwa simu: nusu uso, na nyuma yake mabomba. Sokoni wakimuuliza mwanawe anafanya nini, hujibu, "Yuko meli." Wengine huelewa kwamba ni nahodha. Aoko hajaona sababu ya kuwasumbua na maelezo.

Sasa kampuni ya meli ilikuwa imewaruhusu wafanyakazi kumwalika mzazi kwa bei ya chini, na meli ilikuwa inapitia Mombasa kuelekea Unguja na Shelisheli. Treni ya Aoko ya kwenda Mombasa ilikuwa kesho yake asubuhi. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mwanawe kazini kwa macho yake mwenyewe. Na aliogopa kitu kimoja tu, kumwaibisha mbele ya wenzake.

"Wafanyakazi huongea," alisema. "Nikitoa kidogo, watasema mama ya Gordon ni mkono birika."

"Na ukitoa nyingi," Wangu akaongeza, "watasema mama ya Gordon anajidai, na bado anadaiwa michango ya chama."

"Sidaiwi."

"Ya mwezi huu?"

"Mwezi haujaisha, Wangu."

Niliwaeleza kwamba kwa kawaida meli hukata pesa ya wahudumu katika bili ya kila abiria, kwa kila siku, lakini abiria wengi huacha pia bahasha siku ya mwisho. Aoko hakupenda hata kidogo.

"Kama imekatwa, natoa tena ya nini? Sokoni, mteja akinunua mimi ndiye namwongezea. Ananunua shuka, namtupia foronya moja, anafurahi, anarudi. Huko mteja ndiye anamwongezea muuzaji? Hiyo biashara inatembea kinyumenyume."

"Si biashara," Wangu alisema. "Hiyo inayokatwa ni fungu la kumi. Ya bahasha ni sadaka. Fungu la kumi unatoa kwa sababu umeambiwa. Sadaka unatoa ukiangaliwa."

Nimesoma maelezo marefu ya desturi hii katika vitabu vya wasafiri na sikumbuki yaliyokuwa wazi zaidi. Aoko alilitafakari huku akipuliza chai.

"Haya. Sadaka. Lakini ya kanisa, ama ya harusi?"

"Inategemea ni nani anayetandika," nilisema, nikidhani nimepata pa kutokea. "Umeshaambiwa mhudumu wako ni nani?"

Uso wake ulifunguka. Hilo alikuwa akilisubiri.

"Nilimwambia Gordon aniweke kwa laini yake, vile vyumba anavyohudumia! Mkubwa wake akakubali. Chumba kina dirisha, bahari yote iko hapo. Mwanangu atakuwa anapita mlangoni kwangu asubuhi na jioni."

Wangu aliweka kikombe chini polepole. Yeye ni Mkikuyu, lakini amekuwa jirani ya Aoko miaka mingi na anajua mambo ya nyumba hii kuliko wenyewe.

"Kwa laini yake," alirudia. "Yaani Gordon ndiye mhudumu wako. Atakuwa anapita, ama atakuwa anaingia?"

"Ataingia afanye kazi ya..."

Hakumalizia. Geti ambalo bado lilibeba sanduku lililia kidogo. Aoko alitazama uani, kwenye mlango wa chumba changu, na mimi nikautazama pia, na ndipo nikaelewa kwamba hayakuwa magoti.

Kwa Wajaluo kama Aoko, kijana akikua haingii tena chumbani mwa mamake, wala hagusi kitanda chake. Na mama naye hukaa mbali na kitanda cha mwanawe. Kijijini kijana hujenga nyumba yake pembeni mwa boma, wanaiita simba. Komarock hakuna boma, kwa hiyo Aoko alijibana akajenga chumba uani chenye mlango wake wa nje. Chumba nilichokodi ndicho simba ya Gordon. Kila anaporudi likizo hulala humo, na shuka humbadilishia Wangu. Mama aliyejenga chumba kizima ili mwanawe asilale chini ya paa lake alikuwa ameomba, kwa bidii na simu nyingi, mwanawe awe anamtandikia kitanda kila siku katikati ya bahari.

"Lakini ulisahau aje?" Wangu aliuliza, na mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika.

"Sikusahau! Nilikuwa namwona kwa akili akitandika vitanda vya Wazungu."

"Na wewe ulidhani utalala wapi? Kwa usukani?"

"Usinicheke, Wangu."

"Sicheki. Si umeokoka wewe? Si kila siku unasema chira huogopi?"

"Chira siogopi," alisema Aoko, akimaanisha ile laana wanayosema humwandama anayevunja miiko. "Damu ya Yesu inatosha."

"Basi mwache kijana atandike."

"Siogopi. Lakini sitaki." Alichukua simu. "Na yeye hataki. Namjua."

Gordon alionekana baada ya kukwamakwama: nusu uso, mabomba. Mamake hakupoteza muda na salamu.

"Gordon, ni nani atatandika kitanda changu?"

Ile nusu uso ilitoka kwenye kioo, yakabaki mabomba, kisha ikarudi.

"Mathe," alisema hatimaye, "nimekuwa nikiomba Mungu uone mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa umeshaambia soko lote."

"Kwa hivyo ungefanya nini?"

"Ningesema naumwa mgongo."

"Siku zote hizo?"

"Ni mgongo mbaya, Mama."

Wangu alitoka nje akacheka huko. Tulimsikia.

Gordon alieleza kwamba hakuna ruhusa ya wahudumu kubadilishana chumba kimoja kimoja. Njia ilikuwa moja: mamake ahamie ghorofa ya chini, ambako mhudumu ni rafiki yake, Mfilipino aitwaye Rodel. Lakini vyumba vya huko havina dirisha, na ingebidi aseme sasa hivi, kabla orodha haijafungwa.

Nilimwona Aoko akiliaga dirisha lile. Alikuwa ameshalisimulia kwa watu wote, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalisikia kabla chai haijapoa.

"Dirisha la nini," alisema. "Bahari ni maji. Nihamishe." Kisha, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizomsikia nazo, "Lakini sasa sitakuona ukifanya kazi."

"Utaniona. Kuna wazee fulani Waholanzi kwa laini yangu, wapole sana. Nitawaomba. Utakuja juu usimame mlangoni kwao, uangalie."

"Nisimame kwa mlango wa Mholanzi nikuangalie ukitandika."

"Ndiyo."

"Na pembe nikiona imelegea?"

"Utanyamaza, Mama. Ni kazini."

"Nitajaribu." Alifikiri. "Huyo Rodel ana mama?"

"Anaye. Kwao kijijini."

"Amewahi kumwona akifanya kazi?"

"Hapana. Kwao ni mbali."

"Sawa," alisema Aoko, akakata simu bila kuaga, kama wafanyavyo wote wa rika lake.

Aliingia chumbani kwake. Nilikuwa nimetayarisha ushauri mwingine kuhusu bahasha, wenye mifano, lakini aliporudi ilikuwa imeshafungwa na gundi inakauka. Wangu aliinyanyua kuelekea kwenye taa.

"Ni ngapi?"

"Si harambee. Haitangazwi."

"Mimi ni mweka hazina!"

"Wa chama. Si wa meli."

Mkononi alikuwa pia na shuka, bado imekunjwa. Ilikuwa nyeupe, nzito, ya daraja la kwanza, zile ambazo Gikomba huziita kamera na ambazo hazifiki mezani kwa sababu wateja wa kudumu huziwahi kwenye belo. Alianza kulishusha sanduku kutoka kwenye geti.

"Hiyo ni ya nani?" Wangu aliuliza.

"Ya Rodel."

"Aoko. Mtu anatandika shuka asubuhi, anatandika shuka jioni, akilala anaota shuka. Wewe unampelekea shuka?"

"Hizo anatandika si zake," alisema Aoko. "Hii ni yake."

Wangu alikwenda kushika upande wa pili wa sanduku. Shuka haikuingia. Walitoa mfuko wa dagaa wa omena wa Gordon, wakaurudisha, wakatoa koti, wakalirudisha, na mwishowe Aoko akatoa viatu vya kisigino alivyonunua kwa ajili ya karamu ya nahodha. Waliliinua tena kwenye mizani. Niliwakumbusha kwamba treni haipimi hivyo, wala meli.

"Mgeni," alisema Wangu, "wewe kunywa chai."

Asubuhi gari la kumpeleka stesheni ya Syokimau lilipiga honi kabla ya wakati. Aoko alitoka amevaa gauni la Jumapili na raba za kutembelea. Bahasha ilikuwa kifuani, mahali ambapo mwizi wa Nairobi angepaswa kuwa na ujasiri mwingi. Alinionyesha sukuma wiki za kumwagilia, akanionya kuhusu bomba linalodanganya, akamwomba Wangu aombe. Wangu aliomba kwa Kikuyu, kwa haraka, akimtaja Gordon mara kadhaa na Rodel mara moja.

Sanduku liliingia nyuma ya gari kwa kusukumwa. Aoko alikaa mbele, akafunga mkanda, akanitazama kupitia dirisha lililo wazi.

"Mgeni. Chumba kimekupendeza?"

"Kimenipendeza sana, Mama Gordon."

"Kitanda kimetandikwa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Ni Wangu alitandika," alisema. "Si mimi." Akamgusa dereva begani, na gari likaondoka, likapita kwa yule mkaanga viazi, ambaye safari hii aliinua kichwa na kupunga mkono mpaka likakata kona.

Tulibaki getini wawili. Wangu alikuwa anaikunja kamba ya mizani, polepole mno kwa kamba fupi kama ile. Nilimuuliza, kwa sababu ilibidi, kwa kawaida hapa aliyekutandikia kitanda hupewa ngapi.

"Ah, mimi sisemi kitu," alijibu, akivaa miwani yake. "Inategemea roho ya mtu."