Wakala wa Bendera Mbili

Sokoni Garsen walimwita wakala, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wafanyabiashara wa huku na wa nchi moja ya ng'ambo, na kifuani alibandika beji ya bendera mbili zilizoshikana. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mikono yake, mikavu na misafi, haikutulia. Priscilla, anayeuza maji ya mto kwa mkokoteni, alimpenda kwa jambo moja: hakuna mwanamume mwingine pale aliyemjali punda wake. Kila asubuhi wakala alimkuna nyuma ya masikio, akamfuta vumbi usoni, akampitishia kiganja polepole toka shingoni hadi kiunoni, huku akiguna kwa kuridhika.

Jumatatu moja alikuja na mgeni kutoka nchi hiyo. Wakala akaishika ngozi ya ubavuni mwa punda kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Mgeni akaitikia kwa kichwa.

"Mama, tutamnunua huyu, na wengine wote mtakaotuletea," wakala alisema. "Nchi zetu zitakuwa ndugu."

"Huko ng'ambo atabeba nini?"

"Habebi kitu, mama. Tunachukua ngozi tu. Inachemshwa, inakuwa dawa."

Mkono wake ulikuwa bado unamkuna punda, taratibu vilevile. Priscilla akajipenyeza katikati ya wakala na punda, akausukuma ule mkono, akavuta kamba kurudi mtoni, madumu yote yakiwa bado yamejaa.