Moshi wa Githeri ya Mama

Nilikulia Kawangware, kwenye ploti ya mabati nyuma ya karakana za mafundi wa mbao. Mama alikuwa ametoka Kitui akiwa msichana, na riziki yake ilikuwa kupikia watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, githeri ya mahindi na maharagwe. Aliwasha moto kwa mabaki ya mbao aliyopewa na hao mafundi, mengine yakiwa bado na rangi na gundi. Alipikia mlangoni, kwa hivyo moshi uliingia kwetu kwanza kabla ya kwenda kwingine. Shuleni, wenzangu walinijua kwa harufu ya sweta.

Nilipokuwa mkubwa nilisomea hali ya hewa, kisha nikajikita kwenye masizi, yale mavumbi meusi yanayopaa moto ukiwaka vibaya. Watu hudhani kazi yetu ni ya barafu na bahari za mbali. Yangu ilikuwa ya jikoni. Masizi hunyonya joto la jua na kuipasha hewa, ila hayakai angani miaka na miaka kama zilivyo baadhi ya gesi; huanguka baada ya siku chache. Ukiuzima moto mbaya leo, dunia inapata nafuu mapema, na kifua cha anayeupuliza pia. Sijawahi kusoma jambo lililonipa matumaini kama hilo.

Utafiti wetu ulifanyika Kibera na Kawangware. Mimi nilishika Kibera, nikitundika vipimo vya hewa Kambi Muru na Soweto East. Kawangware alishika mwenzangu, na katika kubisha nyumba hadi nyumba akafika kwa mama bila kujua ni mama yangu. Mama alikubali kabla mwenzangu hajamaliza kueleza. Jioni akanipigia simu akicheka.

"Wenzako wamenipea mashine. Wewe kazi yako ni kuzunguka Kibera tu."

Jumamosi nikaenda kumwona. Kipimo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda.

"Sasa hii kitu inafanya nini?" akaniuliza.

"Inavuta hewa, inapima moshi."

"Ikishavuta, moshi unaisha?"

"Hapana, mama. Inapima tu."

"Basi wa kuumaliza ni mimi," akasema, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma.

Nilikuwa nimekizoea kikohozi hicho tangu utotoni. Siku hiyo nilikisikia kama mgeni, nikaogopa. Nikampeleka hospitali. Daktari aliiangalia picha ya kifua, akamuuliza mama alivuta sigara kwa muda gani.

"Sigara? Mimi ni mtu wa kanisa!"

Daktari akamwomba msamaha, kisha akatueleza polepole kwamba mapafu yalikuwa yamekakamaa na hayatarudi yalivyokuwa. Kilichobaki ni kumweka mbali na moshi.

Mama akaacha kuni. Nilimletea jiko la gesi, akawa anajipikia chai na ugali. Kuacha githeri ndiko kulikomuumiza. Watu wa mjengo walipita mlangoni wakiita, "Mathe, leo hakuna?" naye akatikisa kichwa, akaingia ndani. Na moshi haukuondoka. Upande wa pili wa mabati jirani alikaanga samaki, mbele kidogo mwingine alichoma mahindi. Kila mwenzangu aliponionyesha vipimo vya nyumba ile, niliona mstari wa moshi umeshuka kidogo asubuhi, kisha ukapanda tena. Nani ningemlaumu? Walitafuta riziki kama alivyoitafuta yeye. Nilimsihi ahamie kwangu.

"Nikae huko niongee na nani?" akasema. "Watu wangu wako hapa."

Alifariki mchana mmoja wa msimu wa baridi, siku ambazo moshi wa Nairobi hulala chini na kukataa kupaa. Nilikuwa Kambi Muru nikibadilisha kichujio cha kipimo wakati jirani yake wa samaki aliponipigia. Hakuweza kusema vizuri. Nilielewa kwa kilio.

Wakati wa matanga, wanawake wa ploti walikuja kuwapikia waombolezaji. Wakaleta mawe, sufuria kubwa na mabaki ya mbao. Nilisimama nikiutazama moshi ukiingia chumbani mwa mama. Nilijua kila kilichokuwemo ndani yake. Jirani wa samaki alikuwa akipuliza moto huku machozi yakimtoka, na sikuweza kutofautisha ya moshi na ya msiba. Maneno yote niliyozoea kusema mikutanoni yalinikauka. Nikachukua mwiko, nikachuchumaa kando yake, tukakoroga pamoja.

Tulimzika Kitui. Hewa ya kule ilikuwa safi, nami nilikasirika kila nilipoivuta.

Niliporudi kazini, mwenzangu alikuja akaketi karibu nami.

"Pole tena," akasema. "Kuna jambo la nyumba ya mama."

Nililijua. Kanuni yetu ilikuwa kwamba nyumba ambayo mwenyewe hakufika mwisho wa utafiti haihesabiwi.

"Naweza kuiondoa mimi," akasema.

"Acha niiondoe mwenyewe."

Nikaufungua mstari wake kwenye kompyuta, nikautafuta mchana ule. Haukuonyesha chochote. Ulikuwa umeendelea kama siku nyingine zote, na jioni ukapanda majirani walipowasha majiko. Niliutazama kwa muda, kisha nikaufuta. Mwenzangu alikwenda akarudi na chai, akaiweka mbele yangu, akabaki pale mpaka nilipoweza kuinywa.